Pima pindo kabla ya kulipa: vyandarua nilivyovipanga baada ya kukosea

Chandarua nilichomnunulia mwanangu wa pili kilikuwa kizuri. Cha duara, cheupe, kina lesi shingoni. Muuzaji alikuwa amekitundika juu ya kitanda cha maonyesho, nikakipenda, nikalipa. Usiku wa kwanza nyumbani nikagundua kuwa pindo lake linaishia ukingoni mwa godoro. Nikilivuta lifike kichwani, miguuni kunabaki wazi. Nikawa naamka usiku kulirudishia, huku nikijiambia kwamba mwisho wa mwezi nitakibadilisha. Mwezi haukuisha. Mtoto alipanda homa, akapimwa, ikawa malaria.

Tangu hapo siendi kununua chandarua bila futi kamba. Na kila ninapolieleza jambo hili, wasomaji wananiandikia yaleyale: chandarua kipya, mbu ndani. Kwa hiyo leo sitazungumzia rangi, umbo wala ulaini wa kitambaa. Nitaanza na pindo, kisha dawa, halafu nitasema wazi ninachokipenda.

Pindo

Kwenye pakiti utakuta namba tatu, kwa mfano 190 × 180 × 150. Mbili za kwanza ni urefu na upana, na kila mnunuzi huziangalia kwa sababu analinganisha na kitanda chake. Ya tatu ni kimo. Hiyo ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo iliyoniponza.

Piga hesabu pamoja nami. Mtu mzima akikaa kitandani, kutoka juu ya godoro hadi utosini ni kama sentimita 90. Godoro nene lina sentimita 25, na pindo lazima literemke ubavuni mwake kabla halijafika pa kuchomekea. Chini ya godoro mimi nataka sentimita 30, kwa sababu pungufu ya hapo mtoto akijigeuza mara mbili tatu linachomoka. Jumla ni 145. Chandarua chenye kimo cha 150 kinakuachia sentimita 5 tu, na misumari yako ya kutundikia ikiwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa, hata hizo zinapotea. Chenye kimo cha 180 kinakuachia 35. Nunua cha 180. Kama misumari iko juu sana, ongeza urefu wa kamba, usikivute chandarua kwenda juu.

Upana nao una mtego wake. Chandarua kinachobana kitanda kinamlazimisha anayelala kugusa kitambaa kwa kiwiko au goti, na mbu anaweza kutoboa ngozi kupitia matundu ya wavu bila kuingia ndani. Vya duara vina tabia hiyo zaidi, kwa sababu kitambaa kinateremka kwa mshazari kutoka kwenye pete moja, na watu wawili wakilala, wa pembeni anakigusa usiku kucha. Mimi nataka cha pembe nne.

Mtu anayelala kwenye mkeka ahesabu vilevile, ila pindo lake linaingia chini ya mkeka pande zote. Hapo kimo kikubwa kinakuwa baraka kabisa.

Dawa: usiridhike na "kimetiwa dawa"

Karibu kila chandarua chenye dawa kina dawa za jamii ya pairethroidi. Zimetumika kwa miongo mingi, na mbu wa malaria wa maeneo mengi wameshazizoea. Mwilini mwao kuna vimeng'enya, yaani kemikali za mwili, vinavyoivunjavunja dawa kabla haijawadhuru. Mbu wa namna hiyo anatua kwenye chandarua chako, anapumzika, anaendelea na safari. Ndiyo maana maneno "kimetiwa dawa" peke yake hayatoshi tena. Geuza pakiti, tafuta lebo, soma ni dawa gani na ni ngapi.

Nafasi ya kwanza naipa Interceptor G2, chandarua cha kampuni ya BASF, na sifichi kwamba ninaipendelea. Ina pairethroidi pamoja na klofenapiri, dawa ya jamii nyingine. Uzuri wa klofenapiri ni kwamba vimeng'enya vilevile vinavyomwokoa mbu dhidi ya dawa ya zamani ndivyo vinavyoigeuza hii kuwa sumu ndani ya mwili wake, ikazima uzalishaji wa nguvu kwenye seli. Silaha yake inamgeukia. Na haya yamepimwa kwa watu. Wilayani Misungwi, kaskazini mwa Tanzania, aina nne za vyandarua ziligawiwa mwaka 2019 na watoto wakafuatiliwa. Baada ya miezi 24, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8 kwenye vijiji vya chandarua cha kawaida, chenye pairethroidi peke yake, na asilimia 25.6 kwenye vijiji vya Interceptor G2. Nchini Benin nako chandarua hicho kilipunguza visa vya malaria kwa watoto kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua vya namna hii mahali ambapo mbu wamekuwa sugu. Mimi ni mama, na namba ya 45 iliyoshuka hadi 25 ninaiona kwa sura za watoto.

Angalizo moja, maana ndilo linalowafanya watu wakione hakifai: klofenapiri inaua polepole. Mbu anaweza kuchukua hadi siku tatu kufa, tena akafia mbali na kitanda chako. Usipoona mizoga ya mbu asubuhi, usikirudishe dukani.

Ya pili ni PermaNet Dual ya Vestergaard. Nayo ina klofenapiri, ila imeungana na deltamethrini, pairethroidi tofauti. Ukiikuta yenye kimo cha 180 huku Interceptor G2 iliyopo ni ya 150, chukua PermaNet Dual bila kusita. Pindo linashinda mapenzi yangu.

Ya tatu ni vyandarua vyenye PBO, kiungo cha kuisaidia dawa, kama Olyset Plus ya Sumitomo na PermaNet 3.0. PBO haiui mbu. Inavifunga vile vimeng'enya ili pairethroidi ifanye kazi. Ni bora kuliko chandarua cha kawaida, hasa kikiwa kipya, lakini Misungwi nguvu yake haikudumu hadi mwaka wa pili. PermaNet 3.0 ina PBO kwenye paa tu, kwa hiyo usiining'inize paa likiwa limekunjamana. Pia usichanganye chandarua cha PBO na cha klofenapiri katika chumba kimoja kama unaweza kuepuka, kwa sababu PBO inavifunga vimeng'enya ambavyo klofenapiri inavihitaji.

Royal Guard, yenye pairiproksifeni inayomfanya mbu asizae, naiweka ya nne. Wazo lake ni zuri, matokeo ya Misungwi hayakunishawishi.

Cha kawaida chenye pairethroidi peke yake ni afadhali kuliko kulala wazi, mradi kinachomekeka. Kisicho na dawa kikitoboka ni pazia tu.

Vingine vya kuongezea

Kuna karatasi na vitundikwa vinavyotoa mvuke wa transfluthrini polepole bila moto wala umeme, kama Mosquito Shield na Guardian. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza vitumike pamoja na vyandarua. Vinafaa kwa saa zile za jioni kabla hamjapanda kitandani. Haviondoi haja ya chandarua.

Vifaa vya sauti ya kufukuza mbu usinunue. Vimefanyiwa majaribio mara nyingi na mbu hawajali. Taa za bluu za kukaangia wadudu zinaua nondo na wadudu wengine wadogo. Mbu jike anafuata pumzi na harufu ya mwili wako, si mwanga.

Wauzaji, hapa nina maneno

Kwa nini pakiti inaandikwa "kikubwa" au "cha familia" bila sentimita? Kwa nini nikiomba kukikunjua nipime kimo, naambiwa pakiti ikifunguliwa nimeshanunua? Ninanunua kinga ya mtoto, na naombwa niinunue kwa kubahatisha. Nimewahi kukuta lebo imekatwa kwa mkasi, na muuzaji akaniapia kwamba "dawa imo". Bila lebo hakuna anayejua imo dawa gani, naye pia hajui. Kingine kinachonikera zaidi ni vyandarua vilivyotengenezwa kugawiwa bure kukutwa vimepangwa vinauzwa, vingine vikiwa vimekaa juani siku nzima, na jua linaiharibu dawa.

Na hivi bora kabisa, vya klofenapiri, mara nyingi vinapita kwenye ugawaji wa bure na kampeni kuliko kwenye rafu za maduka. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha uliza kliniki ya wajawazito na watoto, au kituo cha afya kilicho karibu, kama wanavigawa na ni aina gani. Wakikupa, soma lebo hapohapo na uulize kimo.

Ukishakipata, kitundike kivulini kwa saa 24 kabla ya kukilalia. Ukikifua tumia sabuni ya kawaida, maji ya baridi, usitie jiki, ukianike kivulini. Kagua pindo kila mwezi: linasuguana na mbao za kitanda, na matundu mengi huanzia huko chini. Cha mwanangu nilikishonea kiraka cha kwanza mwezi wa saba, upande wa miguuni, mahali ambapo kona ya kitanda ina msumari uliochomoza. Msumari nimeupigilia.