Kingamwili ya EZH2 maabarani kwetu Moshi: miezi minane nayo

Slaidi ya kwanza ilitoka buluu tupu, yaani kingamwili haikushika kitu: ingeipata EZH2 kwenye tishu, hapo pangegeuka kahawia. Niliisogeza chini ya hadubini kutoka pembe hadi pembe, nikapandisha lenzi hadi ya 40, buluu. Na kichupa chenyewe, mikrolita 100 ambazo ukizimwaga mezani unazifuta kwa kidole, kilikuwa kimetugharimu fedha za kukosesha usingizi, tena kimelala siku nne kwenye mizigo kabla hatujakabidhiwa. Boksi lilipofunguliwa, barafu ilikuwa imeshakuwa maji. Nikajisemea, hii imekufa njiani.

Haikuwa imekufa, nitaeleza.

Kwa asiyeifahamu, EZH2 ni kimeng'enya kinachobandika vikundi vya methili kwenye histoni H3, protini ambayo DNA hujizungushia, mahali paitwapo lisini ya 27. Vikishabandikwa vitatu, jeni za eneo hilo hunyamazishwa. Hakifanyi kazi peke yake, kinategemea wenzake EED na SUZ12 katika kundi liitwalo PRC2. Seli zinazogawanyika kwa kasi huwa nacho kwa wingi, na saratani nyingi vilevile. Januari 2020 Marekani waliidhinisha tazemetostati, dawa ya kukizuia, kwa wagonjwa wa sarkoma ya epithelioidi, saratani adimu ya tishu laini. Sisi tulihitaji kukipima kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili anayefanyia kazi saratani ya umio. Ugonjwa huo Kilimanjaro si mgeni: tumo kwenye ule ukanda wake unaoshuka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini.

Nilichagua kingamwili monoklono ya sungura, yaani inayolenga sehemu moja tu ya protini. EZH2 ana nduguye, EZH1, wanafanana sana, na kingamwili isiyo makini humkamata yeyote anayepita. Kilichonishawishi kwenye karatasi ya bidhaa hakikuwa zile picha nzuri za kahawia na buluu, maana picha nzuri kila muuzaji anazo. Ni ule mchoro wa protini za seli zilizoondolewa jeni ya EZH2: mstari ulikuwepo kwenye seli za kawaida, kwenye zilizoondolewa jeni haupo. Karatasi isiyo na kipimo cha namna hiyo siku hizi naiweka pembeni.

Sasa ile buluu. Karatasi ilisema chemsha slaidi kwenye bafa, maji ya dawa yenye pH isiyoyumba, kwa nyuzi 95 hadi 98, ili kufungua tishu iliyofungwa na fomalini, dawa ya kuihifadhia. Nikaweka chombo cha slaidi ndani ya maji yanayochemka, nikahesabu dakika, nikaridhika. Siku ya tatu ya kulaumu barafu nikachovya kipimajoto ndani ya chombo chenyewe, si kwenye maji ya nje. Nyuzi 91. Moshi mjini tuko mita 800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka karibu na 97, hayafiki 100. Toa kinachopotea kwenye ukuta wa chombo, na ndani hamna moto wa kutosha. Aliyeandika ile karatasi hakuwa akiufikiria mlima wetu.

Nikanunua presha kuka mjini, ya makande kabisa, nikaandika ubavuni kwa rangi nyekundu MAABARA TU, maana najua watu wetu. Bafa ya Trisi na EDTA ya pH 9, dakika tatu tangu ianze kupiga filimbi, kisha unaiacha ipoe taratibu. Sitireti ya pH 6 nayo inakubali, ila kwangu rangi ilikuwa hafifu. Tumia slaidi zilizopakwa gundi, la sivyo tishu itabaki inaelea kwenye sufuria kama ganda la nyanya.

Tangu siku hiyo, kahawia. Tena kahawia iliyozidi. Nilianza na 1:50, sehemu moja ya kingamwili katika hamsini, kwa woga, na daktari wetu wa patholojia alipoinamia hadubini akauliza, "Kiini kimeshika vizuri, lakini hii kahawia ya nje ya kiini umeitoa wapi?" Sikuwa na jibu. EZH2 kazi yake iko ndani ya kiini, ukungu wa kahawia kwenye saitoplazimu ni dalili kwamba umekoleza mno. Nikazimua hadi 1:100, halafu 1:200, na hapo viini vikasimama peke yake, pembeni peupe. Hesabu nayo ikanifurahisha: kwa 1:50 kichupa kinatoa mililita 5, yaani slaidi 50 ukitumia mikrolita 100 kwa kila moja. Kwa 1:200 ni slaidi 200. Kipande cha umio ni kidogo, ukikizungushia kalamu ya nta mikrolita 100 zinatosha.

Sampuli ya kulinganishia ninayoitegemea ni findofindo za watoto waliofanyiwa upasuaji. Katikati ya vifundo vya limfu, seli zinapogawanyika, lazima paive kahawia. Ukanda unaovizunguka lazima ubaki karibu buluu wote. Vyote viwili viko kwenye kipande kimoja, kwa hiyo slaidi moja inakuambia kama imeshika panapotakiwa na kama imejizuia pasipotakiwa. Pakiwa kahawia kote, usisome slaidi za wagonjwa siku hiyo.

Kitu kimoja kilinipotezea wiki. Vipande kutoka kituo kimoja vilikuwa na vidoti vya kahawia nyeusi kila mahali, hata kwenye slaidi ambayo sikuiwekea kingamwili. Kumbe fomalini yao haikuwa na bafa. Ikiwa na asidi inaungana na damu na kuacha masizi hayo. Asidi ya pikriki iliyoyeyushwa kwenye alkoholi inayaondoa, ila dawa ya kweli ni kumpigia simu mwenye chupa ya fomalini. Nilimpigia, akanijibu, "Dada, sisi tunaletewa hivyo hivyo."

Kuhusu utunzaji: nimeigawa kwenye vichupa vidogo vya mikrolita 10, iko kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ina gliseroli, kwa hiyo haigandi kuwa jiwe, na nadhani ndiyo maana ilihimili zile siku nne. Umeme ukikatika usiku siamki tena kwenda kuangalia friji.

Nikipewa nyota tano za kugawa, kingamwili yenyewe naipa nne na nusu. Karatasi yake tatu. Wakala aliyeileta, ambaye kila nikimpigia alikuwa "yuko njiani", moja, na hiyo moja ni kwa sababu boksi halikuvunjika. Pia ujue kichupa kimeandikwa ni cha utafiti tu, usije ukamwandikia mgonjwa jibu la kipimo kwa kuitegemea.

Nimebakiwa na vichupa vitatu. Bechi mpya imeshaagizwa, na nimekata mapema slaidi kumi za findofindo kutoka bloku ile ile ya nta yenye tishu, zinasubiri kwenye droo ili siku ikifika niziweke bega kwa bega, ya zamani na mpya, kabla sijamgusa mgonjwa yeyote.