Uzoefu wangu: CO2 na kalsiamu ya tangi la matumbawe kwa bei ya wachomeleaji na watu wa mabwawa

Wadau mnaofuga matumbawe, hasa mlioko huku Marekani, leo tuongelee hela. Mimi niko Houston, tangi langu ni galoni 120, kama lita 450 hivi, limejaa akropora na matumbawe mengine magumu, na hawa viumbe wanakula kalsiamu balaa, yaani kwa siku wananishushia alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, kipimo chake ni dKH) kama dKH 2, na kila dKH 2.8 inayoliwa inaondoka na kama ppm 20 (sehemu kwa milioni) za kalsiamu kwaiyo usiporudisha siku chache tu matumbawe yanaanza kupauka kwenye ncha.

Nilianza na chupa za dukani, zile mbili mbili, moja ya kalsiamu na nyingine ya alkaliniti. Zinafanya kazi, sina ubaya nazo. Ila kwa tangi la ukubwa huu galoni moja ya alkaliniti inaisha wiki tatu hivi, na nilikuwa nalipa zaidi ya dola 30 kwa galoni, afu ukisoma vilivyomo ni chumvi ya kawaida kabisa imeyeyushwa kwenye maji. Unalipia maji, lebo na usafiri wa maji.

Kuna mkemia mmoja maarufu kwenye mambo haya, Randy Holmes-Farley, tangu 2006 aliweka hadharani namna ya kutengeneza mwenyewe na mpaka leo watu kibao wanaifuata. Kalsiamu ni kloraidi ya kalsiamu, gramu 500 kwenye galoni. Alkaliniti ni beking soda ya jikoni, gramu 594, unaitandaza kwenye trei unaioka saa nzima kwenye oveni nyuzi 300 za Farenhaiti, inatoa mvuke na CO2 inapoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, na hapo inakuwa sodiamu kaboneti, ileile soda ash wanayochakata Ziwa Magadi kule Kenya. Ikishaokwa inakusaidia kupandisha pH ya tangi, isiyookwa inaishusha kidogo, kwaiyo kama nyumba yako madirisha yamefungwa mwaka mzima kwa ajili ya AC kama huku kwetu, CO2 inajaa ndani na kushusha pH ya maji, oka tu.

Sasa bei. Mfuko wa Arm & Hammer wa pauni 13.5 unatoa galoni 10, kwaiyo galoni moja inanigharimu kama dola moja. Kloraidi ya kalsiamu watu wa kaskazini wananunua ile ya kuyeyushia barafu barabarani, Houston barafu iko wapi, ila mabwawa ya kuogelea yako kila mtaa na maduka ya mabwawa yanauza kloraidi ya kalsiamu ya kuongezea ugumu wa maji, ndoo ya pauni 25. Soma lebo vizuri sana. Kama imeandikwa 77 mpaka 80% hiyo ndo ya gramu 500, kama ni 94 mpaka 97% punguza mpaka gramu 400. Kama kuna rangi, harufu au kitu chochote cha ziada kimeandikwa pale, rudisha rafuni. Na unapoyeyusha mwaga chumvi kwenye maji taratibu, inachemka kweli, chombo kinakuwa cha moto mkononi. Hizo galoni mbili usizidondoshee sehemu moja kwenye tangi, zikikutana kabla hazijasambaa maji yanakuwa meupe kama tui na kalsiamu yote imekwenda na maji.

Kitu cha tatu ni chokaa ya kutengenezea achari, mie natumia Mrs. Wages, inapatikana supamaketi upande wa chupa za kuhifadhia vyakula. Vijiko viwili vya chai kwa galoni, maji yake ndo yanajazia yale yanayokauka kwenye tangi, wenyewe wanaita kalkwasser. Inaleta kalsiamu na alkaliniti kwa pamoja na inanyonya CO2 iliyozidi majini, usiku ndo muda wake. Sisi wa pwani chokaa tunaijua, nyumba za kale za Lamu na Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, na ukiiloweka ile kikemia ni hichihichi kilichomo kwenye pakiti, mimi kila nikikoroga ndoo ile huwa nafurahi moyoni kwamba safari hii inarudi kwa matumbawe yaliyo hai. Ila ni kali, pH inapita 12, vaa miwani na idondoke tone tone.

Matumbawe yalipokua nikaona kuoka oka kila mara kunachosha, nikahamia kwenye reakta ya kalsiamu. Hapa ndo CO2 inapoingia. Unajaza changarawe ya aragonaiti, ambayo ni mifupa ya matumbawe ya kale tu, unapitisha maji na gesi, pH ndani inashuka mpaka 6.5 au 6.7 na changarawe inayeyuka inatoa kalsiamu na alkaliniti kwa uwiano uleule matumbawe yanavyovitumia. Changarawe ni bei rahisi na inakaa sana. Gesi ndo watu wanakamuliwa.

Mitungi midogo ya mashine za soda ya nyumbani, ile ya kutengenezea lita 60 za soda, ina gesi gramu 410 tu. Mtungi wa pauni 5 una kilo 2.27, yaani sawa na mitungi midogo mitano na nusu, na mie nikienda kwenye duka la gesi za kuchomelea nalipa chini ya dola 30, na Houston kwa sababu ya mambo ya mafuta maduka hayo yamejaa. Wanaojaza vizimamoto nao wanajaza, na wanaouza vifaa vya kutengenezea bia nyumbani pia. Wa pauni 20 unaongeza hela kidogo tu unapata gesi mara nne, kama una nafasi ya kuufunga mnyororo usimame wima chukua huo.

Uliza kwanza wanajaza mtungi wako au wanabadilishana. Mtungi unatakiwa upimwe presha kila miaka 5, tarehe imegongwa pale shingoni, na ukipitwa na muda hawaujazi mpaka ulipie kipimo. Ukibadilishana hilo ni lao, sio lako. Wengi wanalalamika wameacha mtungi mpya unang'aa wamepewa umechubuka, mie naona poa tu, huo wangu uko chini ya kabati nani anauona.

Na sasa hesabu ambayo imeniokolea hela kuliko duka lolote. Kwa ulaji wa tangi langu, kemia yenyewe inahitaji kama gramu 7 za CO2 kwa siku, kwaiyo mtungi wa pauni 5 kinadharia ungefika miezi kumi. Kiuhalisia haufiki, kwa sababu maji yanayotoka kwenye reakta yana gesi ambayo haijatumika, ila kama wako unaisha ndani ya mwezi sio matumbawe yanayokula hiyo gesi, kuna mahali panavuja. Paka povu la sabuni kila kiungo, anza na ile washa (kiringi cha kuzuia kuvuja) ndogo ya nailoni kati ya mtungi na regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi, washa ni ya senti tu na kila ukibadili mtungi weka mpya.

Geji isikudanganye pia. CO2 ndani ya mtungi ni kimiminika, kwaiyo presha inasoma psi 800 na kitu kuanzia mtungi umejaa mpaka kimiminika kinapoisha, afu inaporomoka ghafla. Weka mtungi kwenye mizani, toa ile namba iliyogongwa karibu na herufi TW (uzito wa mtungi mtupu), toa na uzito wa regyuleta kama iko juu yake, kinachobaki ndo gesi yako. Na kiangazi cha huku usiuache ndani ya gari, joto likipanda presha inapanda, kuna kisahani cha usalama kwenye valvu kitapasuka na gesi yote imwagike humo humo ndani, ukiwemo wewe ni hatari ya kifo. Mie nafungua vioo na kutoka dukani naenda moja kwa moja nyumbani.

Nisipobania hela ni kwenye regyuleta na kipimo cha alkaliniti. Regyuleta ya hatua moja mtungi ukikaribia kuisha inaweza kuachia gesi nyingi kwa mpigo, pH ya reakta inazama na tangi linafuata. Chukua ya hatua mbili, na hata ukiwa nayo, mizani ikionyesha imebaki pauni moja peleka mtungi, usisubiri geji.