Uzoefu wangu katika Dare ProtoPlay, tamasha la gemu za wanafunzi na wabunifu huru mjini Dundee

Dare ProtoPlay lilikuwa tamasha la gemu la wazi kwa watu wote, lililofanyika katika miaka yake ya mwisho mjini Dundee, mashariki mwa Uskoti, na ndilo lililokuwa kilele cha Dare to be Digital, shindano la wanafunzi lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Abertay karibu na mwaka 2000. Nililihudhuria kiangazi cha 2014, nikiwa mwanafunzi wa uzamili kutoka Tanzania katika fani isiyohusiana kabisa na kompyuta, kiangazi kilekile ambacho jirani zetu wa Glasgow walikuwa wenyeji wa Michezo ya Jumuiya ya Madola na Waafrika Mashariki wengi tuliokuwa Uskoti tulikuwa tumeelekeza macho huko. Ninaandika maoni haya kwa kuwa jamaa zangu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaopenda kuandaa maonyesho ya gemu wameniuliza mara kwa mara ni jambo gani hasa nililolisifu sana pale. Jibu langu nalitanguliza: ni ile desturi ya kumsimamisha mbunifu kando ya kazi yake mwenyewe, mbele ya umma usiomjua wala kumwonea haya, kabla majaji hawajasema neno la mwisho. Mengine yote yalipendeza, lakini yangeweza kupunguzwa na tamasha likabaki palepale.

Kwanza nieleze utaratibu wa shindano, kwa maana bila huo tamasha halieleweki. Wanafunzi walijipanga katika timu za watu watano, wakiwemo waandishi wa programu, wachoraji na watu wa sauti, wakawasilisha wazo lao, na timu zilizochaguliwa zikapewa mahali pa kufanyia kazi, posho ya kujikimu na washauri kutoka kampuni za gemu. Walikuwa na takriban miezi miwili ya kiangazi ya kuligeuza wazo kuwa gemu inayochezeka. Neno posho lisipitwe haraka. Mwanafunzi anayelazimika kufanya kibarua cha mgahawani wakati wa likizo hawezi kukaa juu ya gemu yake kuanzia asubuhi hadi jioni, na mashindano mengi niliyoyaona baadaye humzawadia mshindi peke yake baada ya kazi kwisha, jambo ambalo humfaa zaidi yule ambaye tangu mwanzo alikuwa na mtu wa kumlisha.

Mji wenyewe nao ulikuwa sehemu ya tamasha. Dundee si mji mkubwa, lakini ndiko kampuni ya DMA Design ilikotengeneza Lemmings iliyotoka mwaka 1991 na Grand Theft Auto ya kwanza mwaka 1997, na mwaka huohuo wa 1997 Abertay ilianzisha shahada ya gemu za kompyuta inayotajwa kuwa ya kwanza duniani. Kabla ya hapo, kiwanda cha Timex mjini humo kiliunganisha kompyuta ndogo za ZX Spectrum, na wenyeji husimulia kwamba ndiyo sababu nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na kompyuta wakati sehemu nyingine zilikuwa bado. Tamasha lilikuwa ndani ya Caird Hall na kwenye uwanja wa City Square ulio mbele yake. Ukumbi huo wenye safu ya nguzo nene ulijengwa kwa fedha za James Caird, tajiri wa juti (nyuzi za mmea zinazofumwa magunia), na mtu aliyekulia nchi ya mkonge kama mimi hawezi kupita pale bila kukumbuka kwamba magunia yao na ya kwetu yalikuwa yakigombania soko moja.

Kiingilio hakikuwepo. Hili lilibadilisha sura ya wahudhuriaji kuliko tangazo lolote: walikuwepo akina mama na vigari vya watoto, wazee waliotoka kununua mkate, vijana wa sekondari waliovaa fulana za gemu wazipendazo, na watu wa kampuni waliojulikana kwa vitambulisho vilivyoning'inia shingoni. Katika maonyesho ya kulipia unakutana na wale waliokwisha kuamua kwamba gemu ni jambo lao. Pale Dundee niliwaona watu wanaokamata kidhibiti cha mkononi kwa mara ya kwanza, wakikishika juu chini, na mbunifu akilazimika kuamua papo hapo kama atawaelekeza au atawaacha wahangaike ili apate kujua gemu yake inajieleza kiasi gani.

Gemu iliyonishika zaidi ni Chambara, kazi ya timu ya wanafunzi waliotoka Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani. Wachezaji wawili ni samurai wanaowindana, na skrini imegawanywa, kila mmoja na nusu yake. Ulimwengu mzima wa gemu hiyo una rangi mbili tu, moja ya giza na nyingine ya mwanga, na kila mchezaji amepewa rangi mojawapo. Ukisimama mbele ya ukuta wenye rangi yako, unatoweka kabisa. Ukipita mbele ya rangi ya pili, umbo lako linaonekana waziwazi na mpinzani anaweza kukumaliza kwa upanga. Kwa lugha ya mitaa ya kwetu, ni kombolela yenye mapanga. Utamu wake umo katika kwamba nusu ya mpinzani iko wazi mbele ya macho yako, kwa hiyo unamchungulia ili kutambua yuko wapi kwa kuangalia kile anachokiona yeye, naye anakufanyia vivyo hivyo, na wote wawili mnajua.

Nilisimama pembeni ya meza hiyo muda mrefu kuliko nilivyocheza. Watu wengi walipoanza walikimbia huku na huku, kama walivyozoezwa na gemu nyingine, wakashindwa upesi. Kisha kwa mshangao mmoja wao angesimama tuli, akajiona ametoweka kwenye skrini yake mwenyewe, na hapo ndipo angecheka. Hakuna aliyemwambia. Kijana wa timu aliyekuwa zamu alikuwa na daftari dogo, na niliona anaandika kila mara mchezaji alipokwama mahali fulani, bila kumsogelea. Nilipomuuliza anaandika nini, alinieleza kwamba anatafuta mahali ambapo watu wanafanya kosa lilelile, kwa sababu kosa la mmoja ni la mchezaji, lakini likirudiwa na wengi ni la aliyetengeneza.

Hapo ndipo nilipoielewa thamani ya tamasha kwa wanafunzi wenyewe. Darasani gemu huchezwa na mwalimu na wanafunzi wenzako, watu wanaojua ulichokusudia na wanaokusamehe mapungufu yako kwa sababu wanajua ulivyokesha. Mtoto wa miaka minane hana habari ya kukesha kwako. Akichoka anakiweka kidhibiti mezani na kuondoka, na hakuna ripoti ya mtihani inayoweza kusema kwa uwazi zaidi ya hapo. Niliona timu zikikunja uso asubuhi, na mchana zikiwa zimebandika karatasi yenye maelekezo waliyodhani hayatahitajika.

Kuna maonyesho mengine niliyowahi kuyahudhuria, ambayo sitayataja kwa jina, ambapo gemu ziliwekwa mezani na wenyewe hawakuwepo. Palikuwa na mlinzi tu na kibao chenye maelezo. Gemu moja ilikwama kwenye skrini ya kuanzia na ikabaki hivyo, watu wakipita na kuitazama. Tangu siku hiyo kipimo changu cha kwanza kwa tamasha lolote la gemu ni kuuliza kama mbunifu yupo mezani. Ukubwa wa skrini na wingi wa taa havinishughulishi.

Kando ya meza za wanafunzi palikuwa na eneo la wabunifu huru, yaani watu wazima wenye kampuni ndogo au wasio na kampuni kabisa, waliokuja kuonyesha kazi zao zilizo sokoni au zilizokaribia kuingia. Sitakaa sana hapo. Lililokuwa na faida ni ukaribu wenyewe: mwanafunzi akimaliza zamu yake alivuka hatua chache tu kumwuliza mtu aliyemtangulia kwa miaka mitatu jinsi alivyolipa kodi ya nyumba wakati gemu yake haijauzwa.

Upande wa tuzo, timu tatu bora ziliteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA, akademia ya Uingereza ya sanaa za filamu na televisheni, katika kundi lililoitwa Ones to Watch, ambalo lilitengwa kwa ajili ya shindano hilo. Chambara ilikuwa mojawapo, na mwaka 2015 ikaichukua tuzo hiyo. Mwaka uliofuata ikatoka kwenye PlayStation 4. Nilifurahi, ingawa sitasema niliona mbali, kwa kuwa kila aliyepita pale aliona msongamano uliokuwa mezani kwao. Palikuwa pia na tuzo ya umma. Mimi hupenda mfumo wa namna hiyo unaotenganisha sauti ya wataalamu na ya watazamaji, maana watazamaji huvutwa na kinachochekesha na kinachoeleweka upesi, wakati wataalamu wanaweza kulipa alama wazo ambalo bado halijapikika.

Hata hivyo, mtindo huu wa tamasha una upendeleo wake, na ni vizuri anayetaka kuuiga aujue. Gemu inayochezwa kwa dakika tano katika ukumbi wenye kelele, huku wenzako wakingoja nyuma ya bega lako, lazima ieleweke haraka. Gemu ya wawili au wanne wanaopambana kwenye skrini moja inang'ara mahali kama hapo. Gemu ya kusoma, ya kuwaza, yenye hadithi inayofunguka polepole au yenye sauti laini za kusikiliza, inaonekana dhaifu hata kama ikipelekwa nyumbani usiku ingewashinda wote. Dawa yake haina gharama kubwa: chumba kimoja cha kando chenye viti, vipaza sauti vya masikioni na utaratibu wa kujiandikisha kwa nusu saa, na majaji waagizwe wazicheze gemu hizo humo. Sharti la timu ya watu watano nalo linafundisha kufanya kazi pamoja, lakini linamfungia mlango mtu anayetengeneza kila kitu peke yake, na historia ya gemu huru imejaa watu wa aina hiyo.

Jambo la pili linanikera zaidi, nalo ni la karibu kila shindano la wanafunzi. Timu huvunjika baada ya kiangazi, kila mmoja anarudi chuoni kwake au anaajiriwa, na gemu inabaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Chambara iliokoka kwa kuwa wenyewe waliendelea nayo. Nyingi za aina yake hazichezeki tena popote. Kinachobaki ni picha na video fupi. Ingetosha sharti moja katika fomu ya kujiunga, kwamba nakala ya gemu kama ilivyoonyeshwa siku ya tamasha ihifadhiwe katika maktaba ya chuo mwenyeji, ili mwanafunzi wa miaka kumi ijayo aweze kuigusa.

Kwa ndugu zangu wa Afrika Mashariki wanaoulizia, sioni sababu ya kungoja ukumbi wenye nguzo. Wabunifu tunao: mwaka 2011 tayari kampuni ya Planet Rackus ya Nairobi ilikuwa na Ma3Racer, gemu ya simu ya kuendesha matatu, na Nairobi imekuwa ikishiriki Global Game Jam, ule utaratibu ulioanza mwaka 2009 wa kutengeneza gemu kwa saa 48 za mwisho wa juma. Wachezaji tunao zaidi, kama anavyojua kila aliyewahi kulipia mechi katika kibanda cha gemu cha mtaani. Kinachokosekana mara nyingi ni kuwakutanisha, kwa kuwa maonyesho yetu huelekea kufanyika katika kumbi za hoteli na vituo vya ubunifu ambako kijana wa Manzese au Kayole haingii bila kualikwa. Ningependa kuona gemu za wanafunzi zikiwekwa Mnazi Mmoja siku ya Jumapili, chini ya hema, zikitumia simu za bei ya kawaida badala ya kompyuta kubwa, na wenyewe wakiwa wamesimama kando na madaftari. Umeme ndio utakaoleta shida, basi jenereta iwekwe mbali na meza za gemu zenye sauti.

Shindano la Dundee baadaye lilibadilishwa sura na kuitwa Dare Academy, kwa hiyo anayefunga safari leo asitarajie kukuta kila kitu nilichokieleza hapa. Toleo la 2014 nalipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano naizuia kwa ajili ya gemu zile za taratibu zilizokosa chumba, na kwa ajili ya zile ambazo ningetaka kuzicheza tena leo na haziko mahali pa kuzipata.