Senti za Marekani zenye makosa: ipi ununue kwanza, ipi uikimbie

Mpwa wangu wa Morogoro alinitumia picha saa nane usiku kwa saa za huku Marekani. "Shikamoo anko. Hii inaweza kuwa bei gani?" Ilikuwa senti moja ya Marekani ya mwaka 1944, kailaza juu ya kitambaa chekundu kama pete ya uchumba. Rafiki yake alikuwa ameona video inayosema senti za wakati wa vita zinanunua nyumba. Nikamjibu: "Marahaba. Iguse na sumaku. Ikinasa nipigie sasa hivi." Haikunasa. Alininunia wiki nzima.

Senti za 1944 ziligongwa zaidi ya bilioni 2, karibu zote za shaba. Zenye thamani ni zile chache zilizogongwa kwa bahati mbaya kwenye chuma kilichobaki cha mwaka uliotangulia. Yaani picha ni ileile na mwaka ni uleule, kinachotofautiana ni madini tu. Kwa hiyo mimi nikiletewa senti nasikiliza hadithi ya muuzaji mwisho. Kwanza naipima.

Na hadithi zimezidi. Senti za mwisho za kuingia mitaani ziligongwa Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025, na tangu siku hiyo kila mwenye kopo la chenji kajifunza kusema "adimu".

Vifaa kabla ya sarafu

Sumaku yoyote inafaa, hata ile ya mlango wa friji. Tafuta mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi 0.01 ya gramu, na kioo cha kukuzia mara 10. Vyote vitatu kwa pamoja havifikii gharama ya kutapeliwa mara moja. Halafu, tafadhali, usiing'arishe sarafu kwa limau na majivu kama unavyosugua sinia la bibi. Mkusanyaji hutambua sarafu iliyosuguliwa kwa mtupo mmoja wa jicho, na hapohapo bei inaporomoka.

Tarakimu za kukariri ni chache. Senti ya shaba ina shaba asilimia 95 na uzito wa gramu 3.11. Ya 1943 ni chuma kilichopakwa zinki, kama mabati ya nyumba, gramu 2.7 hivi. Kuanzia katikati ya 1982 kiini ni zinki na juu kuna ngozi nyembamba ya shaba. Hiyo ina gramu 2.5, na shaba yote iliyomo ni asilimia 2.5 tu.

Nafasi ya kwanza: senti za 1982

Wengi watanishangaa kuitanguliza sarafu unayoweza kuipata dukani kwenye chenji. Mimi ni keshia, zinapita mkononi mwangu kila siku, na hakuna shule nzuri kuliko hii kwa ada ya senti moja.

Mwaka ule kiwanda cha sarafu kilihama kutoka shaba kwenda zinki huku kazi ikiendelea, na kikatumia mwandiko wa tarehe wa aina mbili, mkubwa na mdogo. Ukichanganya madini, tarehe na kiwanda (Denver huweka herufi D chini ya mwaka, Philadelphia haiweki kitu) unapata aina saba. Kutambua tarehe, tazama tarakimu 2. Kwenye tarehe kubwa shingo yake imenyooka, kwenye ndogo imepinda.

Jumapili moja nilimwaga senti 40 za 1982 mezani jikoni. Mizani ikasoma 3.09, 3.12, 2.51, 2.48, 3.10. Hakuna iliyokaa katikati, kwenye 2.8 kwa mfano. Shaba huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa gramu 0.13, zinki kwa 0.10, basi. Baadaye niliacha hata mizani. Ukiidondosha ya shaba juu ya meza ngumu inalia nyiii, sauti inabaki hewani kidogo. Ya zinki inafanya ko, imekwisha. Mke wangu aliniuliza kama nimeanza kuongea na chenji.

Aina ya nane, ya Denver yenye tarehe ndogo na madini ya shaba, ilikuwa haitakiwi kuwepo kabisa. Moja ilijitokeza mwaka 2016. Vilevile, ya 1983 ikikupa gramu 3.1 iweke pembeni, usiiuze kwa mtu wa kwanza atakayekuja.

Nafasi ya pili: ya chuma, 1943

Shaba ilihitajika vitani, senti zikagongwa kwa chuma. Ni zaidi ya bilioni moja kutoka viwanda vitatu, Philadelphia, Denver na San Francisco, kwa hiyo iliyotumika haifikii hata dola moja. Ni zawadi nzuri kwa mtoto, maana inanasa kwenye sumaku mbele ya macho yake.

Mtego wake ni zile "mpya kabisa" zinazometa kama bati lililoezekwa jana. Nyingi zilipakwa zinki upya miaka mingi baadaye. Geuza utazame ukingo. Kiwandani karatasi ya chuma ilipakwa zinki kwanza, ndipo ikakatwa visahani (vipande vya duara vinavyosubiri kugongwa), kwa hiyo ukingo wa sarafu halisi ulibaki mtupu, na kutu huanzia hapo. Ukiona zinki imefunika hadi ukingoni, hiyo imerembwa. Si kosa kuinunua, ila usiilipie bei ya mpya.

Nafasi ya tatu: zilizomegwa na zilizogongwa kombo

Hapa kwa pesa ya wastani unapata kosa linaloonekana bila kioo. Visahani hukatwa kwa patasi za duara kutoka kwenye karatasi ndefu ya madini. Karatasi ikichelewa kusogea, patasi inashukia palipokwishakatwa, na kisahani kinatoka na pengo kama chapati iliyong'atwa.

Kuna mafundi wanaokata pengo kwa tupa. Kuwakamata ni rahisi: tazama upande ulio mkabala na pengo. Kisahani kilichomegwa kabla ya kugongwa hakipati shinikizo kamili upande wa pili, kwa hiyo ukingo ulioinuka wa pale unakuwa hafifu au haupo kabisa. Pengo lipo na ukingo wa upande wa pili ni mnene? Rudisha.

Kwenye zilizogongwa kombo, yaani picha haikukaa katikati, chagua ambayo mwaka unasomeka wote, hata kama iliyokwenda kombo zaidi inavutia macho. Na ukiona kichwa cha rais Lincoln, yule wa upande wa mbele wa senti, kimezama ndani huku maandishi yanasomeka kinyume, mara nyingi kuna mtu aliyezibana sarafu mbili kwenye jiriwa.

Nafasi ya nne: muhuri pacha wa 1995 na 1972

Sarafu hugongwa kwa muhuri wa chuma, na muhuri wenyewe zamani ulikandamizwa zaidi ya mara moja ili picha izame vizuri. Kandamizo la pili likipotoka kidogo, muhuri unabeba maandishi mawili-mawili, na kila sarafu itakayopita chini yake itazaliwa pacha vilevile. Wa 1995 angalia neno LIBERTY na maneno IN GOD. Bei yake inabebeka. Wa 1972 pacha wake unaonekana vizuri zaidi, na pesa yake inapanda ipasavyo.

Kinachoangusha wengi ni mtikisiko wa mashine, ambapo muhuri unateleza kidogo baada ya kugonga. Huo una alama bapa, kama ngazi iliyobonyezwa pembeni ya herufi, na herufi yenyewe inapungua unene. Muhuri pacha wa kweli herufi zake zote mbili zimenenepa, na ncha zake zimepasuka mara mbili kama ulimi wa nyoka. Mtikisiko hauna thamani yoyote.

Na uvimbe juu ya senti za zinki? Hewa imenaswa chini ya ngozi ya shaba, basi. Kuna watu wanauziana uvimbe.

Nafasi ya tano: 1955

Huyu ndiye mfalme wa makosa. Zilitoka Philadelphia, hazina herufi ya kiwanda. Kati ya 20,000 na 24,000 ziliingia mitaani, nyingi zikiwa chenji ndani ya pakiti za sigara zilizouzwa kwa mashine. Tarehe na maandishi ya mbele yamejirudia waziwazi hadi unadhani macho yako yana shida. Iliyo katika hali nzuri inazidi dola 1,000.

Nimeiweka chini kwa sababu kughushiwa kwake ni biashara kamili, na kwa sababu iliwahi kuniumiza. Nilinunua moja kwa dola 60 kutoka kwa muuzaji aliyenipa na hadithi ya babu yake bure. Nyumbani, chini ya kioo, kilichokuwa pacha ni ile 5 ya mwisho tu, tena kwa ukungu. Muhuri uliochakaa. Zipo tele, zinauzwa kwa bei ya soda. Kosa halikuwa lake peke yake, maana hata sikuwa nimebeba kioo.

Ukiitaka, nunua iliyofungwa ndani ya kasha la PCGS, NGC au ANACS, kampuni zinazohakiki sarafu, na uhakiki namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, maana siku hizi hadi makasha yanaghushiwa.

Kanuni hiyohiyo itumie kwa 1914-D, ambayo si kosa ila ni adimu. Matapeli huikwangua 1944-D hadi 4 ya kwanza igeuke 1. Tazama bega la Lincoln. Herufi VDB, za mchongaji Victor David Brenner, ziliwekwa pale mwaka 1918. "1914" yenye VDB begani imekwanguliwa.

Ya mwisho: "shaba ya 1943"

Usinunue. Ndiyo inayozaa zile video, kwa sababu iko kweli: visahani vichache vya shaba vilibaki kwenye mashine, na ile pekee inayojulikana kutoka Denver iliuzwa dola milioni 1.7 mwaka 2010. Unayoletewa wewe ni ya chuma iliyopakwa shaba, nayo sumaku itaisema. Au ni ya 1948 iliyokwanguliwa, ambayo sumaku haitaisema. Hapo tazama 3. Mkia wa 3 halisi ya 1943 umeshuka chini kuliko tarakimu nyingine.

Na wanaouza senti za shaba kwa kilo "ukayeyushe", waache nazo. Ni kweli shaba iliyomo ina thamani kuliko senti moja, lakini kuziyeyusha ni marufuku kisheria tangu Desemba 2006.

Mpwa wangu kaacha kununa. Nilimtumia senti chache kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, na juzi kaenda kwa sonara kuzipima. "Anko, hii ya 1982 ina D, gramu 3.1, na shingo ya 2 naona imepinda." Picha aliyoituma ina ukungu, kidole kimefunika nusu ya tarehe. Nimemwambia atoke nje juani apige nyingine, na asimwonyeshe mtu. Nasubiri.