ls -ls au find: ipi ifichue faili zenye matundu?

Faili yenye matundu hutaja ukubwa mkubwa ilhali imekula nafasi kidogo tu ya diski, kwa kuwa sehemu zake tupu hazikuandikwa kabisa. Kwenye Linux yenye mfumo wa faili wa ext4, tengeneza moja kwa `truncate -s 1G jaribio.img`, kisha andika `ls -ls jaribio.img`. Safu ya kwanza, yaani nafasi iliyotumika kweli, itasoma 0. Mbele yake utaona 1073741824. Kwa faili moja unayoishuku, sijui njia nyepesi kuliko hii.

Ukikagua diski nzima, macho hayatoshi. Hapo nachagua `find` ya GNU:

`find /var -type f -size +1M -printf '%S %p\n'`

`%S` hugawanya nafasi iliyotumika kwa ukubwa uliotajwa; jibu likiwa chini ya 1, shuku matundu. Kwenye macOS `-printf` haipo, kwa hiyo unarudi kwa `ls`.

Zote mbili hupotoshwa na mifumo ya faili inayobana data, kama ZFS: hata faili iliyojaa huonekana pungufu. Fanya ukaguzi huu kabla ya kunakili diski za mashine pepe. Amri ya kunakili `rsync` bila `--sparse` huyajaza matundu yote sifuri.