Uzoefu wangu: msaidizi wa mtandaoni wa idara ya msaada wa chakula, kwa Kiswahili

Nimezaliwa Tanga na huu ni mwaka wangu wa 14 nchini Marekani. Kazi yangu haihusiani na tafsiri wala ustawi wa jamii, lakini kwa kuwa jengo tunaloishi lina familia nyingi kutoka Kongo, barua za serikali zinazowashinda majirani huishia mezani kwangu. Ndiyo sababu nilifurahi idara moja ya jimbo letu, ambayo sitaitaja, ilipoweka kwenye tovuti yake msaidizi anayetumia akili mnemba kujibu maswali kuhusu SNAP, msaada wa chakula ambao watu wetu bado wanauita fudistempu. Katika orodha ya lugha zake Kiswahili kimo. Nimemtumia kwa miezi mitatu, mara nyingi nikiwa na jirani yangu, mama wa makamo mzaliwa wa Fizi, mashariki mwa Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuletwa huku.

Nianze na yale anayoyaweza, kwa sababu si machache. Jumapili moja usiku, ofisi zikiwa zimefungwa, tulimuuliza ni hati gani zinazotakiwa wakati wa kuhuisha maombi, naye akataja kitambulisho, hati za mshahara, mkataba wa pango na bili ya umeme, kisha akaeleza jinsi ya kuzipiga picha na kuzituma kwa simu. Jibu lilikuja kwa sekunde chache na lilikuwa sahihi, kwani nilililinganisha na ukurasa wa Kiingereza. Aliyewahi kukaa na simu sikioni akisikiliza muziki wa kusubiri mpaka chaji ikakaribia kwisha ataelewa kwa nini hilo si jambo dogo. Kiswahili chenyewe kimenyooka: upatanisho wa ngeli umekaa sawa, na kuna sentensi ambazo ningedhani zimeandikwa na mwalimu wa sekondari.

Tatizo lilianzia kwenye neno moja. Msaidizi alimwandikia jirani yangu, "Tafadhali weka namba ya kesi yako." Mama aliisoma mara mbili, akaweka simu mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mimi niko na kesi? Nimemukosea nani?" Kwa Kiingereza cha maofisa neno hilo lina maana ya jalada tu, lakini kwetu sisi kesi ni mahakama, polisi na mtu aliyekushitaki. Nilimweleza kuwa ni namba ya faili lake, akacheka, lakini nilijiuliza ni wangapi waliofunga ukurasa pale pale bila jirani wa kuwaeleza. Ujumbe uliofuata ulimwambia kwamba "faida" zake zitakwisha mwisho wa mwezi, naye ambaye hajawahi kufanya biashara huku akabaki anashangaa ni faida ya nini. Neno "msaada" lingetosha.

Hayo yalituchekesha. La saa halikutuchekesha. Sheria za SNAP zinataka mahojiano, ambayo kwa kawaida hufanyika kwa simu, na msaidizi alimwarifu mama kwamba atapigiwa Jumanne "saa 3:00". Siku hiyo mimi nilikuwa safarini. Kwa mtu wa Fizi aliyelelewa na saa ya Kiswahili, na kambi ya Kigoma ikaikazia, saa tatu ni asubuhi, jua limeshapanda. Akaomba ruhusa kazini, akakaa nyumbani tangu saa mbili na simu mkononi, akangoja hadi saa sita, kisha akaenda zamu ya mchana akiamini kwamba wamemsahau. Walipiga saa tisa alasiri, simu ikiwa kwenye kabati la wafanyakazi. Kesho yake ikatoka taarifa kwamba amekosa mahojiano na kwamba ni juu yake kuomba tarehe nyingine, la sivyo maombi yangeweza kukataliwa.

Nilifungua tena mazungumzo na kuyalinganisha na ukurasa wa Kiingereza, ambako iliandikwa wazi 3:00 PM. Mashine ilibeba tarakimu ikadondosha mchana, na hata ingeandika "saa 3:00 mchana" tusingekuwa salama, kwa sababu msemaji wa Kiswahili hana saa tatu ya mchana. Kutafsiri saa kwa Kiswahili ni kuhesabu upya kwa kurudi nyuma saa sita, jambo ambalo mtoto wa darasa la pili analifanya bila kufikiri. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kosa lile lilikuja ndani ya sentensi safi isiyo na doa, kwa hiyo hapakuwa na chochote cha kumshtua msomaji. Kiswahili kibovu cha tafsiri za mashine za zamani angalau kilikufanya uwe macho.

Kuna pia suala la Kiswahili cha nani. Mama alipojitambulisha kwa lugha yake mwenyewe, "Mi njo mukubwa wa nyumba," akimaanisha kwamba yeye ndiye mkuu wa familia, msaidizi alimjibu kwa upole kwamba wafanyakazi wa idara hawatembelei watu majumbani. "Njo" ya Kongo, ambayo kwetu ni "ndiyo" au "ndiye", ilisomwa kama "njoo". Nilipoandika mimi kwa Kiswahili sanifu, alielewa mara moja. Kwa hiyo aliyemhitaji zaidi ndiye aliyeeleweka kidogo zaidi, na kitufe cha kuzungumza kwa sauti, ambacho kingewafaa wasiozoea kuandika, kinafanya kazi kwa Kiingereza na Kihispania peke yake.

Nilimpima pia kwa swali gumu: mtu akikatiwa msaada afanye nini? Alijibu kwamba anaweza kukata rufaa ndani ya siku 90, na hilo ni kweli kwa kanuni za SNAP. Hakusema kwamba anayepunguziwa au kukatiwa msaada kabla muda aliokubaliwa haujaisha akiwahi kuomba kabla ya siku iliyotajwa kwenye barua, msaada wake unaweza kuendelea wakati rufaa inasikilizwa. Kwa mwenye watoto wanne, kipande kilichoachwa ndicho chenye chakula.

Wala si idara hii pekee. Jiji la New York lilizindua msaidizi wa aina hii kwa wafanyabiashara mwezi Oktoba 2023, na Machi 2024 waandishi wa habari wa The Markup walionyesha kwamba alikuwa anawaambia waajiri wanaweza kuchukua bakshishi za wafanyakazi wao, jambo ambalo sheria inalikataza. Kwa upande wa tafsiri, kanuni ya mwaka 2024 inayohusu huduma za afya zinazopokea fedha za serikali kuu ilitaka maandishi yanayogusa haki au msaada wa mtu, yakitafsiriwa na mashine, yakaguliwe na mfasiri mwenye sifa. Sioni kwa nini chakula kidaiwe kidogo kuliko dawa. Bahati mbaya, amri ya rais ya Agosti 2000 iliyozitaka idara za serikali kuu ziwahudumie wasiojua Kiingereza vizuri ilifutwa Machi 2025, ingawa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 bado ipo.

Ninampa nyota tatu kati ya tano. Nitaendelea kumtumia kwa orodha za hati, anwani na saa za kufunguliwa ofisi, nikiwa nimefungua ukurasa wa Kiingereza pembeni, lakini tarehe na saa za miadi, na chochote kinachohusu kukatiwa msaada, nitakipeleka kwa binadamu. Idara hiyo hiyo ina wakalimani wa simu bila malipo. Unapiga, unataja jina la lugha yako, unangoja. Mahojiano ya pili ya mama yalifanywa hivyo, na mkalimani, ambaye kwa lafudhi yake nilidhani ni Mrundi, kabla ya kuanza alimuuliza kama saa ya miadi aliielewa. Mama akamjibu kwamba safari hii ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya friji: saa tisa, jua likianza kurudi.