Kutoka 4K kwenda 5K kwenye Corolla DX: uzoefu wangu wa kusaka vifaa

Injini yenyewe niliipata mapema. Kilichonizungusha mjini ni vinavyoizunguka: sampo (bakuli la oili chini ya injini), manifodi, fimbo ya oili, koili, na kibearing kimoja kidogo ambacho ukikisahau unateremsha giaboksi upya. Naandika kwa ajili ya wenye Corolla DX (KE70) ambao injini yao ya 4K imechoka na kila gereji wanaambiwa, "Weka 5K, inaingia bila kukata kitu." Kuingia inaingia. Hilo la kutokukata kitu linategemea hiyo 5K imetolewa kwenye gari gani.

Gari langu ni saluni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, giaboksi ya gia tano. Asubuhi lilikuwa linaamka na moshi wa bluu, na dumu la oili lilishakuwa abiria wa kudumu kwenye buti. Ovahoo niliifikiria nikaiacha, maana bloku lilishachongwa zamani na pistoni za saizi inayofuata zilikuwa zinauzwa kwa bei ya kukomoa. Wapo walionishauri niweke 4A au 3S nipate nguvu. DX linavuta kwa nyuma, na hizo 4A na 3S zilizojaa mjini nyingi zimetoka kwenye magari yanayovuta kwa mbele. Ukiingia huko unatafuta giaboksi nyingine, mauntingi za kuchomelea, propela ya kukata na kuunga, halafu kompyuta na utitiri wa waya zake. Mimi nataka gari la kwenda kazini na kupanda nalo Iringa mara mojamoja.

Ukikaa na namba utaelewa kwa nini mafundi wanaipendekeza 5K. 4K ina cc 1290, 5K ina cc 1486, lakini mwendo wa pistoni ni uleule wa milimita 73. Toyota walichopanua ni silinda, kutoka milimita 75 hadi 80.5. Kwa hiyo ukiziweka pamoja sakafuni kwa nje ni pacha, na giaboksi yangu, K50, ilishika matundu yake bila ubishi. 7K ni habari nyingine. Ina cc 1781, mwendo wa pistoni umefika milimita 87.5, na bloku limerefuka kwenda juu. Watu wanaifunga, nimeziona, ila hapo ujiandae kuhamisha ekzosi na kubishana na boneti.

Tulianzia Shaurimoyo, tukamalizia Gerezani, hapahapa Dar es Salaam. 5K nyingi za mtumba utakazoonyeshwa zimetoka kwenye LiteAce na TownAce, vile vigari ambavyo injini iko chini ya viti, tena imelazwa ubavu. Shikilia hilo neno, imelazwa, kwa sababu ndilo lililokula hela yangu nyingi baadaye.

Duka la kwanza kijana akatupokea vizuri. "Bosi, hii ya Japani, haijawahi kufunguliwa." Kule injini zote hazijawahi kufunguliwa. Fundi wangu ni mzee aliyezeekea kwenye injini za K, hakumjibu. Alifungua kifuniko cha oili, akapitisha kidole kwa ndani, akakitazama kwenye mwanga kama kuna ule utando wa rangi ya maziwa unaoonyesha maji yameingia. Safi. Akaomba betri na staata, akatoa plagi zote nne, akachomeka geji ya kompresheni. Silinda tatu zilisoma paundi 160 na kitu, ya nne 115.

"Mzee, imekaa muda mrefu, ni ringi zimekauka tu," kijana akasema.

Fundi akamimina oili kidogo kwenye ile silinda ya nne, akapima tena. Mshale uligota palepale. "Mwanangu, ingekuwa ringi ungepanda. Hiyo ni valvu." Tukaaga. Duka lenu likikataa kupima, au likisema betri haipo, ageni vilevile.

Nilikonunua, Gerezani, walituachia tupime tunavyotaka, silinda zote nne zikasoma karibu sawa, wakatoa risiti ya EFD yenye namba ya injini, na wakakubali kwa maandishi wiki moja ya kurudisha. Kwa huduma hiyo nawapa alama za juu. Ninapowakata alama ni kwenye mtindo wa bei mbili. Bei uliyotajiwa mlangoni ni ya injini tupu. Alternata, staata, kabureta, distributa na koili vinahesabiwa kimoja kimoja ukishaonyesha nia. Na distributa ya hiyo 5K haina platini (zile pointi za kukata na kuunga umeme) kama ya kwangu ya zamani, inataka koili na moduli yake, ambavyo walishavikata waya na kuvirusha kwenye boksi jingine. Nilikataa kulipa mpaka boksi likachakuliwa. Ushauri wangu: ulizia bei ya injini na kila kilichokuwa kimefungwa juu yake, kabla hujaonyesha kwamba umeipenda.

Sasa turudi kwenye kulazwa. Sampo ya LiteAce na strena yake (chujio la kuvutia oili) vimeumbwa kwa injini iliyoinama. Kwenye DX injini inasimama, kwa hiyo ile sampo haikai sawa na strena inaweza isifikie oili vizuri. Suluhisho ni kuhamisha sampo, strena na fimbo ya oili kutoka kwenye 4K yako, vyote vitatu. Ukichanganya fimbo ya hii na sampo ya ile, alama ya kujaa inakudanganya. Manifodi ya kuvuta hewa nayo ni hivyohivyo, imekatwa kwa pembe ili kabureta ikae wima injini ikiwa imelala. Fundi alipoishikiza kwenye injini iliyosimama, akachukua pimamaji ya mwashi aliyekuwa anajenga ukuta jirani, akaiweka juu ya kitako cha kabureta. Kile kipovu kilikimbilia upande mmoja kikang'ang'ania huko. Kabureta ikikaa hivyo, boya lake linasoma petroli vibaya. Injini itamisi au itamwaga mafuta, na utalaumu kabureta bure. Tukarudisha manifodi ya 4K.

Hapo tena kuna mtego. Vichwa vya K viko vya matundu ya mviringo na vya matundu ya yai. Chukua gasketi ya manifodi yako ya zamani, iweke juu ya kichwa cha injini unayonunua, tazama kama kuna chuma kinachochungulia ndani ya tundu. Ni kazi ya dakika moja na unaifanya hapohapo dukani. Kwangu yalilingana.

Pushirodi na tapeti usizichanganye kabisa. 5K za baadaye zina tapeti za mafuta, zisizohitaji kurekebishwa kwa fila (geji ya kupimia nafasi), na pushirodi zake si za 4K. Duka moja la vipuri vipya liliniuzia seti ya gasketi iliyoandikwa "4K/5K" kwenye boksi; gasketi ya kichwa ilikuwa ya silinda za 4K, tundu dogo, ingeungua siku ya kwanza. Walibadilisha, baada ya kelele.

Klachi nilinunua mpya yote, pleti, presha pleti na rilizi bearing, baada ya kuilaza juu ya flaiwili na kuona bolti zimelingana. Kile kibearing nilichokitaja mwanzo kinakaa nyuma ya kranki, pale inapoingia ncha ya shafti ya giaboksi. Bei yake haifiki ya chakula cha mchana. Rejeta ya zamani niliipeleka ikafunguliwa na kuchokonolewa, maana silinda kubwa zina joto lake.

Kuhusu karatasi: kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo nenda TRA wabadilishe taarifa, na ndipo ile risiti ya EFD inapokuwa na maana. Injini isiyo na risiti iache hata kama ni ya bei ya kutupa.

Matokeo? Gari halipai, lakini linavuta kwa chini, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa, nilikuwa naipanda kwa gia ya pili huku macho yako kwenye geji ya joto. Sasa kuna vipande naweka ya tatu na mshale wa joto umetulia. Moshi hakuna. Mafuta linakunywa zaidi kidogo kuliko 4K ilipokuwa nzima. Hesabu ya mwisho, vidude vidogo vilikula karibu nusu ya bei ya injini, na hapo sampo, manifodi na mabano ya mauntingi nilikuwa navyo. Aliyeuza 4K yake kwa muuza vyuma chakavu kabla ya kufunga 5K atavinunua vyote hivyo kwa bei ya DX, na DX siku hizi halina vipuri vya kumwaga. Ya kwangu bado iko uani, juu ya matofali, na kichwa chake kimeshaulizwa bei na watu wawili.